Waya Mweupe

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko. Aliifungua, akachovya ncha ya chuma chake cha moto kwenye utomvu, akagusa bati la kulehemu, na moshi mwembamba ukapanda ukanipiga puani. Ni harufu ya gundi ya mti iliyoungua, tamu kidogo, kali kidogo, inayokwama nyuma ya koo. Fundi aliniuliza jambo. Nilimwambia nitapita kesho, nikaenda kukaa kwenye benchi la mama muuza maji mpaka ile harufu ikaniondoka.

Ninyi wa rika langu mliokulia Likasi mna harufu zenu. Wengine watakumbuka ule moshi wa usine, kile kiwanda cha kampuni ya madini, uliokuwa ukikwaruza koo asubuhi, tukiwa tumepanga mstari shuleni kumwimbia Kiongozi na kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Wengine watakumbuka unga wa kampuni ndani ya magunia, au vumbi la Julai lililochanganyika na majivu ya nyasi zilizochomwa vilimani. Mimi nakumbuka bati linaloyeyuka, na gereji ya nyumba ambayo haikuwa yetu.

Papa alikuwa fundi umeme katika atelier ya kampuni, yaani karakana yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko vya mwanamume mwingine yeyote wa kambi yetu ya wafanyakazi. Watu walimletea redio, pasi, saa za ukutani. Mama alikuwa akisema kwamba Papa akishika kitu kibovu hukishika kama mtu anayeshika kifaranga. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, msichana, mwaka wa tano shule ya msingi, na mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo nilikuwa na Papa peke yangu, au ndivyo nilivyoamini.

Siku moja walimtuma kutengeneza umeme katika nyumba moja ya mtaa wa wazungu wa zamani, kule juu kwenye mikaratusi. Nyumba ilikuwa imepewa mwanamke mmoja aliyepiga mashine ya kuchapa ofisini kwa kampuni. Jina lake lilikuwa Feza, nami nilifundishwa kumwita Tantine, kama shangazi. Mzungu aliyeikaa kabla yake alikuwa amerudi Ubelgiji na kuacha gerejini sanduku refu la mbao. Papa alirudi jioni ile macho yakimwaka.

"Mafille," aliniambia, kwani ndivyo alivyoniita mimi binti yake, "kuko ndege mule. Ndege ya kweli, lakini kidogo. Unaiongoza na radio. Huyu muzungu hakuimaliza. Tutaimaliza weye na minye."

Tukaanza kwenda kila dimanche, Jumapili, baada ya misa. Papa alivaa abacost yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, akanipakia mbele kwenye kinga, yaani baiskeli yake, na kunipeleka kule juu huku akihema shingoni mwangu. Sanduku lilipofunguliwa mara ya kwanza, niliinama karibu. Mabawa yalikuwa yamefungwa kwa magazeti ya Kifaransa, meupe, mepesi kiasi kwamba pumzi yangu iliyatikisa. Ndege haikuwa na injini. Papa alieleza kwamba ndege ya namna hiyo unaitupa kutoka mlimani na upepo unaibeba. Kulikuwa na kisanduku cha kushika mikononi chenye vijiti viwili na antena ndefu inayochomoka. Ndani ya mfuko wa plastiki kulikuwa na vile vidude viwili ambavyo vingekuwa maisha yangu kwa msimu mzima wa ukavu: servo.

Servo ilikuwa ndogo kuliko kiberiti. Ndani yake kulikuwa na mota na meno madogo ya plastiki, na juu yake mkono mdogo unaozunguka. Mkono ule unavuta kijiti chembamba, na kijiti kinakwenda mpaka mkiani, ambako kinageuza usukani kushoto na kulia. Servo ya pili inapandisha na kushusha ule ubao wa nyuma unaoifanya ndege iinue au iinamishe pua. Kila servo ilitoka na nyaya tatu zilizolala pamoja, mwekundu, mweusi na mweupe.

"Rouge na noir zinaleta chakula," Papa alisema. "Nyeupe njo inaleta maneno. Servo ikikosa chakula, inakufa. Lakini ikikosa maneno, inaikala tu. Iko na nguvu yote, lakini hasikie kitu."

Alinifundisha yote. Kwanza unawasha kisanduku cha mikononi, ndipo unawasha kipokezi ndani ya ndege, chenye uzi wake wa antena, kamwe usianze na cha pili. Servo inashtuka, inalia dzii kama mbu aliyefungiwa, kisha inasimama katikati. Hapo ndipo unaubana mkono wake ukiwa umesimama wima kabisa dhidi ya kijiti, unakaza skrubu ndogo, unajaribu. Ukisukuma kulia na mkia ukaenda kushoto, hukasiriki; unahamisha kijiti upande wa pili wa ule mkono. Servo ikivuma bila kusimama, ujue kijiti kimebanwa mahali, unakikwangua kwa msasa mpaka kiteleze. Alinipa chuma cha kulehemu mkononi mwangu, akasimama nyuma yangu, akanishika kiwiko. Tone la kwanza la bati lilipong'aa na kutulia juu ya waya, alisema, "Voilà. Uko na mukono," na mimi nikajiona nimevuka kutoka utotoni.

Dimanche ile jioni servo zote mbili zilitii. Nilisukuma kijiti, mkia ukageuka. Nilikivuta tumboni kwangu, ubao wa nyuma ukainuka. Papa alisema Jumapili inayofuata tutapanda mlima. Kisha akaniambia niende kunawa mikono na kumuaga Tantine, yeye atafunga vitu.

Jumapili iliyofuata tuliwasha, na servo ya usukani haikuitika. "Ah!" Papa alisema, akajishika kichwa. "Tena kazi!" Tulitafuta mpaka tukaona kwamba waya mweupe ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halioni. Papa alisema ni panya. Akanionyesha jinsi ya kuumenya, kuusokota na kuulehemu upya, kisha akaingia ndani kunywa chai ili asinisumbue.

Dimanche iliyofuata ilikuwa servo ya pili. Halafu ya kwanza tena. Siku nyingine skrubu ya mkono ilikuwa imelegea na katikati imepotea, nikaanza kupanga upya tangu mwanzo. Nilipokuwa nikifanya kazi, Papa alikaa nami kidogo, akasifu, kisha akaingia ndani. Nilikuwa na meza, taa ya kuning'inia, birika la maji na sahani ya mandazi aliyoniletea Tantine. Nilijiona mhandisi.

Lakini nilianza kuwaza. Panya anayekula waya mweupe tu na kuacha mwekundu na mweusi ni panya wa namna gani? Nikapata jibu langu mwenyewe. Yule mzungu aliyeacha ndege, nilifikiri, alibaki na kisanduku kingine kule Ubelgiji. Kila wiki anachomoa antena yake, anaitafuta ndege yake hewani, na akiona watoto wa watu wengine wanaichezea, anaiharibu kwa hasira. Niliogopa kumwambia Papa, lakini nilimwambia, tukiwa njiani kushuka.

Hakucheka. Alisimamisha kinga pembeni mwa barabara, akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mtu mzima:

"Inaweza kuwa njo vile. Bazungu iko na akili. Sasa fanya hivi. Ile antena ya kipokezi, ukimaliza kazi, uiviringe uiweke mu mukebe ya maziwa. Hataiona."

Nilifanya hivyo. Kila jioni nilikunja ule uzi mrefu wa antena, nikauficha ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga na kuufunika kifuniko. Nilisali hata kwa ajili ya yule mzungu, ili moyo wake ulainike.

Nyumbani, Mama alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, tulipofika. Hakuwahi kuuliza kitu mbele ya Papa. Alingoja aende kuoga, kisha alinivuta kando ya moto.

"Ndege iliruka?"

"Bado, Mama. Fil ile nyeupe ilikatika tena."

"Pole. Na baba yako alikuwa fasi gani?"

"Alikuwa mu nyumba, anakunywa chai."

"Saa yote ile chai? Na Tantine alivaa nini?"

"Kikwembe ya bleu, ile ya picha za ndege."

"Alipika nini?"

Nilimjibu kila kitu. Nilidhani anaupenda mradi wetu na anajua kwamba mhandisi anahitaji kula vizuri. Aliniuliza mpaka rangi ya vikombe, na mimi nilijivunia kwamba nina mama anayejali hivyo.

Kisha ikaja ile dimanche ya sweta. Ilikuwa katikati ya baridi, na tulipokuwa tunaondoka nilikumbuka kwamba nimeacha sweta yangu kwenye kiti cha gereji. Papa alikuwa amenituma kumuaga Tantine kama kawaida. Nilimuaga, nikapita kwa mlango wa nyuma. Mlango wa gereji ulikuwa wazi kidogo. Papa alikuwa amesimama mbele ya meza, abacost yake imefungwa vizuri, kofia yake tayari kichwani. Alikuwa ameutoa ule uzi wa antena ndani ya mkebe ili upate kupisha mkono wake. Alishika waya mweupe kati ya vidole viwili vya kila mkono, akaukunja huku, akaukunja kule, huku, kule, taratibu, bila haraka, kichwa ameinamisha kusikiliza. Nilisikia ule mlio mdogo uzi wa shaba ulipokatika ndani ya ganda. Kisha aliunyoosha waya kwa kidole gumba, akaulaza mahali pake pamoja na wenzake, akarudisha antena kwenye mkebe na kufunika kifuniko.

Sikuingia. Nilirudi mbele ya nyumba bila sweta, nikapanda kinga, na wakati wote wa kushuka nilijieleza. Anajaribu nguvu ya waya, nilijiambia. Fundi mzuri hujaribu kazi ya mwanafunzi wake. Atakuwa ameona kwamba bati langu lilikuwa baya, anataka nilifanye tena. Nilikuwa tayari kukubali kwamba kazi yangu ilikuwa mbovu, mradi tu lile nililoliona liwe na maana nyingine.

Wiki ile nilingoja aniambie. Hakuniambia. Dimanche ilipofika tulipanda, tukafungua mlango, nikawasha kisanduku cha mikononi, nikawasha kipokezi, nikasukuma kijiti. Servo haikuitika.

"Ah!" Papa alisema, na akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Tena! Mafille, huyu muzungu anatuchukia kweli."

Nilimtazama usoni. Uso wake ulikuwa na huzuni ileile ya kila dimanche, paji limekunjamana, midomo imesogea upande. Ulikuwa uso mzuri sana. Kama nisingekuwa nimemwona, ningeuamini tena, na kesho yake ningeuamini tena. Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika kwangu. Lile la waya ningeweza kulimeza, lakini huruma ile aliyonionea haikumezeka.

"Njo vile, Papa," nilisema. "Nitaitengeneza."

Alinigusa kichwa akaingia ndani. Nilingoja chuma kipate moto. Kisha nikakizima, nikavua viatu, nikapita kwenye korido ya sementi iliyokuwa baridi mpaka mlango wa sebule. Sijui nilitegemea kuona nini. Papa alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amevua abacost, mgongo wake umeegemea magoti ya Tantine Feza aliyekaa kwenye kiti nyuma yake. Tantine alikuwa akimng'oa mvi. Alipasua nywele kwa kucha, akatafuta, akang'oa moja, akaiweka kwenye kiganja cha Papa kilichokuwa wazi gotini, na Papa alikuwa amefumba macho. Nyumbani ile ilikuwa kazi ya Mama, jioni za Jumamosi, kwenye barza. Mara nyingi niliishika mimi ile mikono yake iliyokuwa ikipokea.

Nililehemu waya. Nilifanya kazi nzuri kuliko siku zote, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya kwa mikono ile. Nikamwambia Papa bado haijapona, twende nyumbani.

Jioni ile Mama alipouliza kama ndege iliruka, nilimwambia nilichoona. Nilimwambia waya, nilimwambia mvi. Niliongea haraka, nikitazama mlango wa bafu. Nilitegemea mwiko uanguke. Mama aliendelea kusonga bukari, mpaka ikaiva, akaitoa motoni, akakaa.

"Najua," alisema. "Tangu mvua ilikuwa ingali inanyesha, najua."

"Sasa juu ya nini unanitumaka?"

"Juu akienda na weye, anarudia na weye." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto bei ya samaki. "Mutoto hawezi kulala ku nyumba ya batu. Jua ikianguka, lazima akulete. Anakula bukari yangu, analala mu nyumba yangu. Ile ndege ikimalizika, ataenda yeye peke yake, na kitu ya kumurudisha haitakuwa."

 Moshi wa makaa ulikuwa unaniingia machoni. Mama alinishika mkono, ule wenye alama ndogo za kuungua, akaugeuza.

"Usiimalize, mama yangu," aliniambia. "Unasikia? Tengeneza polepole tu. Pole kabisa."

Nimekuwa mama mimi mwenyewe, na nimejaribu kumwelewa. Nadhani namwelewa. Lakini usiku ule, kwenye mkeka wangu, nilihesabu watu niliokuwa nao duniani, na kila niliyemgusa alikuwa ameshika ncha mojawapo ya waya ule. Nilikuwa nimewapa wote wawili Jumapili zangu. Papa alinitumia kwendea, Mama alinitumia kurudishia.

Siku ya Jumatano, baada ya shule, sikwenda nyumbani. Nilipanda peke yangu mpaka kule kwenye mikaratusi, nikakaa kwenye ngazi nikimngoja Tantine Feza arudi kutoka ofisini. Alinikuta hapo na mfuko wangu wa daftari. Alishtuka, akatazama nyuma yangu barabarani.

"Baba yako eko mugonjwa?"

"Hapana, Tantine. Nilikuya kutengeneza ndege."

"Leo? Baba yako anajua?"

"Yeye njo anaiharibu," nilisema.

Alitoa ufunguo mkobani. Kisha akafungua gereji, akawasha taa, akasema, "Onyesha." Nilimwonyesha. Nilitoa kwenye debe la takataka vipande vya nyaya nilivyokuwa nimevikata wiki kwa wiki, nikavimenya mbele yake. Vyote vyeupe. Vyote vilikatika sawasawa, shaba imepinda huku na huku kama kijiti kilichokunjwa kwa mkono. Hakuna jino la panya hata moja.

Tantine Feza aliketi juu ya lile sanduku la mbao, bila kujali sketi yake ya ofisini. Nilidhani atanifokea. Alicheka kwa pumzi moja tu, kisha uso wake ukaanguka.

"Unajua aliniambia nini?" aliuliza. "Aliniambia ningoje. Alisema, mutoto akimaliza ndege yake, njo siku nitasema na mama yake, nitakuya hapa na valise ya nguo zangu. Alisema hawezi kukukatia kazi katikati, utalia. Nikasema muzuri, nitangoja mutoto. Kila dimanche minye pia nilikuwa nauliza: iliruka? Anasema: bado, fil."

Ilichukua muda kuingia kichwani mwangu. Nilikuwa nimeamini Papa anaharibu ndege ili apate kuendelea kuja kwa Tantine. Kumbe aliiharibu pia ili asihamie huku kabisa. Alitaka chai ya huku na bukari ya kule, na katikati aniweke mimi na chuma cha moto, nikishona kila wiki alichokata. Nilimtazama Tantine, mwanamke niliyekuwa nimekuja nikimchukia njia nzima, na nikaona kwamba macho yake yalikuwa kama yangu yalivyokuwa ile dimanche ya "Tena!"

"Unaweza kuimaliza?" aliniuliza.

"Leo leo."

Tulifanya kazi mpaka jua likaelekea kuzama. Nilibadilisha nyaya zote mbili nyeupe tangu kipokezi mpaka servo. Nilipanga katikati, nikakaza mikono, nikapima kwamba mkia unakwenda kushoto sawa na kulia. Tantine alishika bawa kama anavyoshikwa mtoto wa kuogeshwa. Alipoona ubao wa nyuma ukiinuka nilipovuta kijiti, alisema "Yesu!" kwa sauti ya msichana. Ndege haikulala gerejini. Aliipeleka chumbani mwake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Dimanche, tulipofika na Papa, ndege ilikuwa barazani juu ya mkeka, mabawa yamefungwa kwa raba, antena imetandazwa. Kisanduku kilikuwa mkononi mwa Tantine. Alinikabidhi. Nilisukuma kijiti, mkia ukaitika dzii, dzii. Papa alisimama na kinga yake, mguu mmoja bado juu ya pedali.

"Imepona?" alisema.

"Imepona, Papa."

Alikuja, akainama, akaangalia nyaya. Vidole vyake vilitaka kugusa, na Tantine akasogeza mkeka.

"Upepo ni mingi leo," Papa alisema. "Tungoje..."

"Upepo ni muzuri," Tantine alisema. "Tuende."

Tulipanda kile kilima kilicho nyuma ya nyumba za mwisho. Nyasi zilikuwa zimechomwa, miguu yetu ikawa myeusi. Kutoka juu uliona mji wote, mabomba ya usine na moshi wake ukilala upande mmoja, mapaa ya kambi yetu yaliyofanana, na mahali fulani chini ya mojawapo ya mapaa yale Mama akisonga. Papa ndiye aliyepaswa kuitupa, kwa kuwa alikuwa mrefu. Aliishika chini ya bawa, akakimbia hatua chache akikabili upepo, akaiachia.

Ilizama kwanza. Nilivuta kijiti tumboni, kidogo tu, kama nilivyofundishwa, na pua ikainuka. Kisha upepo ukaikamata. Ndugu zangu, ilipanda! Haikuwa na sauti yoyote. Nilisukuma kulia ikainama kulia, ikapita juu ya vichwa vyetu, nyeupe dhidi ya moshi, na nikaona kivuli chake kikikimbia juu ya majivu. Papa alipiga kelele. Aliruka, akapiga makofi, akatupa kofia yake, akaniita kwa jina la mama yake kama alivyofanya akifurahi sana. Kwa muda ule alikuwa Papa wangu mzima, na furaha yake haikuwa na uongo hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa ameitamani kweli kuiona ikiruka, na bado kila wiki aliweza kuikata.

Niliishusha vibaya. Iligonga kichuguu, bawa moja likachanika. Papa alikuwa wa kwanza kufika. Aliiokota, akapapasa lile bawa, na nikaona uso wake ukipumua.

"Bawa," alisema. "Itaomba kazi. Dimanche ijayo..."

"Iliruka," Tantine Feza alisema. Alikuwa amesimama karibu yangu, kikwembe chake kimejaa masizi, na akamwita raia, kama ofisini. "Tuliona batu batatu. Sasa sema, Citoyen. Mutoto wako eko hapa. Sema."

Papa alimtazama, akanitazama mimi, akatazama bawa. Midomo yake ilisogea upande. Alianza kueleza habari ya gundi, gundi gani ingefaa na ipatikane wapi. Tantine alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinama, akanifuta majivu shavuni kwa kidole chake, na akateremka kilima peke yake bila kugeuka.

Jioni ile Mama aliponivuta kando ya moto na kuuliza, nilimjibu, "Iliruka." Hakuuliza Tantine alivaa nini.

Papa alikaa nyumbani Jumapili kadhaa, amevaa abacost, kwenye kiti cha barza, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Kule juu mlango ulikuwa umefungwa, nilisikia baadaye, na alipogonga hakujibiwa. Ndani ya nyumba yetu Mama alimpakulia chakula bila kumtazama. Alipokosa haja ya kumchunga, aligundua ana hasira. Hakuna aliyemtaka Papa achague tena, na nadhani hilo ndilo aliloshindwa kulistahimili. Kabla ya mvua za kwanza alituambia kwamba kampuni inatafuta fundi umeme kule Kakanda, na kwamba ameomba aende yeye. Ni kwa muda mfupi, alisema.

Kamyo, lori la kampuni, ilikuja kumchukua asubuhi. Alipandisha valise yake, akashuka tena, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Mafille, nitakuya kila dimanche," alisema. "Kila dimanche, unasikia? Hata mvua inyeshe." Paji lake lilikunjamana kwa huzuni, na macho yalijaa maji kweli.

Dimanche ile ya kwanza Mama aliosha nyumba. Alipika kuku, akapika sombe, yaani kisamvu, akatandika kitambaa mezani. Alimfunga mdogo wangu mgongoni, akaenda mpaka barabara kubwa, akarudi, akaenda tena. Kuku alianza kupoa. Nilikuwa nimekaa mezani mbele ya sahani ya Papa iliyofunikwa.

"Pengine kamyo ilichelewa," Mama alisema kutoka mlangoni.

"Hatakuya, Mama."

Aligeuka. "Nani alikuambia?"

"Yeye. Nilimuangalia ku sura saa alikuwa anasema."

Mama alinitazama, mkono wake juu ya fremu ya mlango. Nilidhani atanipiga. Kisha akaingia, akamfungua mtoto mgongoni, akamweka gotini kwangu, akavuta kiti.

"Basi leta ile sahani," alisema. "Tukule."